Afya ya Nyumbani: Ngiri Inapojificha

Mwezi uliopita tuliahidi kuandika habari za kuwalisha watoto wanaoachishwa ziwa, lakini maneno hayo tumeyaweka akiba, kwa kuwa imetufikia barua isiyofaa kungojeshwa. Mwandishi wake ni mwalimu katika kimojawapo cha visiwa vya Muleba. Atuarifu ya kuwa jirani yake, mvuvi wa umri wa miaka kama hamsini, alikuwa na ngiri kwa muda mrefu wala haikumsumbua. Usiku mmoja alishikwa na maumivu makali kinenani, akatapika mara nyingi. Ndugu zake wakateremsha mtumbwi wa mashine ili wamvushe bara. Lakini kulipokucha mgonjwa alipata choo, na wote wakafurahi, wakasema, "Tumbo limefunguka, hatari imepita." Mtumbwi ukarudishwa ufukoni. Siku ya tatu ndipo walipompakia, tumbo limevimba na macho yameingia ndani. Mvuvi yule yu hai, lakini amekatwa kipande cha utumbo, na alilala hospitali wiki nyingi. Mwalimu auliza: "Sisi tulifundishwa kwamba ngiri iliyokabwa hufunga choo. Mbona huyu alipata choo? Tulikosa wapi?"

Twamjibu mwalimu kwamba hawakukosa kwa uzembe. Walijua dalili moja, wakaitegemea hiyo, nayo ikawadanganya. Ugonjwa huu una sura yake ya kawaida, ambayo wengi waijua. Lakini una sura nyingine pia, na hizo ndizo zinazoua watu majumbani mwetu.

Kwanza na tukumbushane ngiri ni nini, maana wengi hulitaja jina wasijue kitu chenyewe. Ukuta wa tumbo la mwanadamu umefumwa kwa nyama na utando mgumu kama jamvi jema, lakini chini, karibu na kinena, mna mahali palipoachwa wazi kidogo. Kwa mwanamume hapo ndipo ipitapo kamba inayoshika korodani. Chini yake kidogo, kwa wanaume na kwa wanawake, mna njia nyembamba ipitapo mishipa mikubwa ya damu iendayo pajani. Njia hizo zikilegea, ama zikiwa hazikufunga vema tangu kuzaliwa, utando wa ndani husukumwa nje kama kifuko, na utumbo huingia humo. Mtu asimamapo au akohoapo, uvimbe hutokea; alalapo, hurudi. Watu hukaa hivyo miaka mingi, wakilima kibanja, wakibeba mikungu ya ndizi na magunia ya kahawa, wasione taabu ila uzito kidogo wakati wa jioni.

Hatari ni siku ile utumbo uliotoka ushindwapo kurudi. Mlango wa kifuko ni mgumu kama pete. Utumbo ukivimba ndani ya pete hiyo, kwanza huzuiwa damu ya kurudi moyoni, maana mishipa yake ni laini. Damu ya kuja bado yaingia, basi uvimbe wazidi, na kadiri uvimbe unavyozidi ndivyo pete inavyobana. Mwisho hata damu ya kuja hukatika. Utumbo hugeuka rangi: mwekundu, kisha zambarau, kisha mweusi, nao umekwisha kufa. Mambo hayo hayangoji siku nyingi. Muda wa saa sita tangu kukabwa kabisa waweza kutosha.

Dalili za kawaida ni hizi: uvimbe uliozoea kurudi wakataa kurudi, wawa mgumu, wauma ukiguswa, wala hautikisiki mtu akikohoa. Kisha tumbo hukata na kuachia, mtu hutapika, tumbo hujaa, choo hakitoki wala upepo. Aonaye haya yote hahitaji kusoma ukurasa huu. Na ampeleke mgonjwa hospitali.

Sasa twaja kwa swali la mwalimu. Utumbo ni mrija. Chukua mkono wa kanzu yako, uufinye upande mmoja kwa vidole viwili. Kitambaa ulichokifinya kimebanwa, lakini mkono wako bado wapita ndani. Ndivyo ilivyo katika namna moja ya ngiri, ambayo madaktari huiita kwa jina la August Gottlieb Richter, tabibu wa mji wa Göttingen katika Ujerumani, aliyeieleza katika karne ya 18. Pete haikushika mrija mzima. Imeshika upande mmoja tu wa ukuta wake. Njia ya choo haikufungwa, basi mgonjwa aendelea kwenda choo, pengine hata ahara. Tumbo halijai upesi. Kutapika kwaweza kuwa kidogo. Lakini ile sehemu iliyofinywa inakufa sawasawa na nyingine, tena hufa upesi, na ikifa hutoboka. Tulivyoisoma barua ya mwalimu, twadhani ndivyo alivyopatwa jirani yake, ingawa waliompasua ndio waliouona utumbo kwa macho, si sisi.

Tena namna hii ina udanganyifu wa pili. Kwa kuwa mgonjwa hajazidiwa, siku hupita, na ngozi ya kinena hugeuka nyekundu na moto. Watu husema, "Ni jipu limeiva." Kiwembe huletwa, au mtaalamu wa kupasua majipu huitwa kutoka kijiji cha pili, na likipasuliwa hutoka usaha pamoja na choo. Madaktari wa Afrika na wa Bara Hindi wameandika habari za wagonjwa wengi waliofika hospitali wakitokwa na choo kinenani, ama kwenye mfuko wa korodani, kwa tundu lisilofunga. Wengine walijipasukia wenyewe pasipo kiwembe. Jambo la ajabu ni kwamba baadhi yao huishi, maana uchafu umepata njia ya kutoka nje badala ya kumwagika tumboni. Lakini ni maisha ya taabu na ya kujitenga na watu mpaka wafanyiwe kazi kubwa ya upasuaji. Basi jipu la kinenani kwa mtu aliyekuwa na ngiri, au aliyetapika siku zilizotangulia, lisiguswe na kiwembe cha mtu yeyote nyumbani.

Hapa hatuna budi kuungama jambo letu wenyewe, maana haifai kuwasahihisha wavuvi na kuyaficha ya kwetu. Miaka kadhaa imepita tangu tulipokuwa tukihudumu katika zahanati moja ya kijiji. Aliletwa bibi mmoja wa miaka kama sabini, mjane, mwembamba. Alikuwa ametapika siku mbili. Mke wa mwanawe ndiye aliyemleta, akatuambia kwamba bibi alikula maharagwe yaliyolala. Tulimtazama ulimi, tukamgusa tumbo juu ya kanga, tukampa dawa ya kuzuia kutapika. Alipoinuka kuondoka, bibi yule alisema kwa sauti ndogo, "Wanangu, nina na mtoki pia." Tukamjibu, "Bibi, mtoki huja kwa kidonda cha mguuni. Ukande kwa maji ya moto." Hatukumwomba afunue. Yeye aliona haya mbele ya mkwewe, nasi tuliona haya kuliko yeye.

Baada ya siku mbili mwanawe alimchukua kwa pikipiki, amemfunga mgongoni kwa kanga kama mtoto, akamfikisha hospitali. Usiku uleule alipasuliwa. Ule "mtoki" ulikuwa uvimbe usiozidi ndimu, na ndani yake mlikuwa na utumbo uliokufa. Bibi alifariki siku ya nne. Mwanawe alipokuja kutuarifu hakutukaripia. Alituuliza neno moja tu: "Mlimtazama?"

Tangu siku hiyo twajua vema habari za ngiri ya paja. Hii hupita katika ile njia ya chini tuliyoitaja, ipitapo mishipa ya damu, nayo huwapata zaidi wanawake, hasa wazee na waliozaa mara nyingi. Ni ndogo, yakaa chini ya mkunjo wa paja, na mwenye mwili mnene aweza asiione kabisa. Njia yake ni nyembamba na kingo zake ni kali, basi hukabwa upesi kuliko ngiri nyingine zote za kinena. Madaktari wa London walioandika mwaka 1991 waliona kwamba katika ngiri za kawaida za kinena, zilizokabwa katika miezi mitatu ya kwanza hazikufika 3 kwa kila 100. Lakini katika ngiri za paja zilikuwa 22 kwa kila 100, na kabla ya kutimia miaka miwili zilikaribia nusu. Kwa hiyo mama akiambiwa ana ngiri ya paja, asiseme, "Nitangoja mavuno."

Tena mara nyingi mgonjwa wa namna hii halalamiki kinena. Alalamika tumbo. Atasema amekula kitu kibaya, au ana minyoo, au tumbo la uzee. Uvimbe hautaji, ama kwa haya, ama kwa kuwa haumuumi kuliko tumbo. Mtoki wenyewe ni tezi zilizovimba. Mara nyingi zipo zaidi ya moja, zacheza chini ya ngozi, na ukiutazama mguu utaona kidonda, au funza, au mwiba. Mtoki peke yake haumtapishi mtu siku mbili. Lakini wasomaji wasidhani twawapa ujuzi wa kupambanua kwa vidole. Hata wenye kazi hiyo hukosea. Neno letu ni jepesi zaidi: uvimbe wa kinenani pamoja na kutapika ni safari ya hospitali. Na kila anayetapika, tumbo likimkata na kujaa, binti yake au mwenzake wa rika na amtazame vinena vyote viwili, faraghani na kwa heshima, taa ikiwa karibu.

Kuna nyingine iliyojificha hata kupita hiyo. Hupita katika tundu la mfupa wa nyonga, ndani kabisa, nayo hupata vikongwe wa kike waliokonda sana. Hakuna uvimbe wa kuonekana. Mgonjwa atapika, na husema paja lake la ndani lauma mpaka gotini. Nyumbani hudhaniwa ni baridi ya mifupa. Hutokea mara chache, lakini tumeitaja ili mtu akisikia maneno hayo mawili pamoja, kutapika na paja la ndani, asimpake dawa ya kuchua akalala.

Jambo jingine linalotuchelewesha ni neno lenyewe. Kiswahili chetu ni tajiri, lakini hapa kimetuponza. Mtu akipiga simu akasema, "Mzee ana mshipa," asikiaye aweza kuelewa mambo manne: mshipa wa damu, mshipa wa shingo au wa mgongo, ngiri, au busha, yaani maji yaliyokusanyika katika mfuko wa korodani. Busha ni zito na lachukiza, lakini halikabi utumbo wala halimtapishi mtu, na laweza kungoja siku ya miadi. Ngiri iliyoshuka mpaka korodani hufanana nalo sana kwa macho. Ndiyo maana twawaonya wale wanaotoboa mabusha kwa sindano ili kuyatoa maji: sindano hiyo ikikuta utumbo, imekwisha kuutoboa. Nanyi mnaopiga simu, msiseme mshipa tu. Semeni uvimbe uko wapi, ulianza lini, ulikuwa ukirudi au la, na saa ngapi ulikataa kurudi. Saa hiyo iandikeni kwenye karatasi, maana daktari ataiuliza kwanza.

Udanganyifu mwingine ni ule wa nafuu ya uongo. Mgonjwa amelia usiku kucha. Asubuhi anyamaza, asema maumivu yametulia, aomba uji. Watu wa nyumbani humshukuru aliyempa dawa ya miti. Lakini utumbo ukifa hauumi tena kama ulio hai. Mtazameni vema: je, uvimbe umerudi, na tumbo limelegea, na amepata upepo? Au uvimbe upo palepale, ngozi imebadilika rangi, mapigo ya moyo yaenda mbio, na mikono yake imepoa? Kama ni hivyo, ule utulivu si wa kupona.

Pengine uvimbe nao hurudi, na bado hatari ipo. Twajua wanaume wenye mikono ya nguvu ambao hulala chali wakaisukuma ngiri yao, na wengine humwita jirani awasaidie kusukuma. Ikiwa imekabwa, kusukuma kwa nguvu kwaweza kuupasua utumbo; ama kwaweza kukisukuma kifuko chote ndani pamoja na pete yake, basi nje hapaonekani kitu, na ndani utumbo bado umekabwa. Mgonjwa huonyesha kinena kilicho safi, naye aendelea kutapika. Tena utumbo uliokwisha kujeruhiwa waweza kurudi tumboni ukatobokea huko. Kwa hiyo aliyerudisha ngiri kwa shida, kisha tumbo likazidi, na asiwaambie wauguzi habari za tumbo tu. Awaambie pia kwamba kulikuwa na uvimbe na kwamba alisukuma.

Ngiri kubwa za muda mrefu, zile zishukazo mpaka karibu na magoti, zina ajabu yao. Mwaka 1895 tabibu Karel Maydl wa Prague alieleza namna ambayo mikunjo miwili ya utumbo huingia katika kifuko kimoja, na kipande kinachoiunganisha hubaki ndani ya tumbo. Ukichora utaona mfano wa herufi W. Kinachokosa damu kwanza ni kile cha katikati, kilicho juu, tumboni, mahali pasipoonekana. Uvimbe wa chini waweza kuwa laini kiasi, na mgonjwa auma zaidi tumbo kuliko ngiri. Hata mpasuaji akifungua kifuko akaona mikunjo miwili yenye rangi njema, na asipovuta akaangalia kipande cha katikati, atafunga jeraha na kuacha kifo ndani. Madaktari wa Afrika huifahamu namna hii kuliko wenzao wa Ulaya, kwa sababu ngiri kubwa zilizoachwa miaka mingi huonekana zaidi kwetu. Twaitaja si kwa kuwatisha wasomaji, ila kwa ajili ya wale wasemao, "Yangu ni kubwa, mlango wake ni mpana, haiwezi kukabwa."

Na kifuko hakichagui mgeni wake. Tarehe 6 Desemba 1735, katika hospitali ya St George's mjini London, tabibu Claudius Amyand alimpasua mvulana wa miaka 11 aliyekuwa na ngiri yenye tundu litoalo uchafu. Ndani alikuta kidole tumbo, nacho kimetobolewa na pini aliyoimeza mtoto. Amyand alikikata, na mtoto akapona, pasipo dawa ya usingizi, maana ilikuwa haijapatikana. Huko ndiko kukatwa kidole tumbo kwa kwanza kunakojulikana kuandikwa. Mpaka leo kidole tumbo kikikutwa katika ngiri ya kinena, hutajwa kwa jina la Amyand.

Walimu, neno hili ni lenu hasa. Watoto wachanga wenye ngiri hukabwa kwa urahisi, zaidi sana katika mwaka wao wa kwanza. Mtoto hulia asinyamazishike, akataa ziwa, atapika. Mama afungue nepi atazame. Kwa mtoto wa kiume, kamba ya korodani nayo hubanwa, na korodani yaweza kufa hata kama utumbo umepona. Kwa mtoto wa kike kilichomo chaweza kuwa kifuko cha mayai yake ya uzazi, nao ni uvimbe mdogo mgumu usiorudi. Wavulana wa shule hawana desturi ya kusema. Atakuja kwako akisema tumbo lamuuma, ameinama, atembea kwa hatua fupi. Mpeleke kando, umwulize kwa upole kama maumivu yako chini. Ikiwa korodani imevimba ghafula, huenda si ngiri bali imejisokota yenyewe, na huko nako ni mbio za saa zilezile chache. Msimpe dawa ya minyoo mkamrudisha darasani.

Wengine watauliza kama kweli mambo haya ni ya kwetu. Wagonjwa wa mkoa wetu wanaoshindikana hapa hupelekwa Bugando, Mwanza. Huko madaktari walichapisha mwaka 2012 habari za watu 452 waliopasuliwa ngiri za kinena. Karibu nusu yao walikuwa wamekaa na ngiri zaidi ya miaka mitano. Watu 84 walifika utumbo umeziba, na 50 utumbo umekabwa. Karibu 16 kwa kila 100 walikatwa utumbo, na karibu 10 kwa kila 100 walifariki. Na ng'ambo ya pili ya ziwa, mashariki ya Uganda, watu walipotafutwa majumbani ilionekana mwaka 2014 kwamba wanaume 9 hivi kwa kila 100 wana ngiri ya kinena au walikwisha kupasuliwa. Waliopasuliwa hawakufika theluthi moja.

Kwa nini watu wangoje? Haya ni sababu moja. Fedha ni sababu nyingine, na hiyo hatuidharau. Lakini ngiri iliyopasuliwa kwa miadi ni kazi ya muda mfupi, kwa sindano ya ganzi mahali penyewe au ya uti wa mgongo, na iliyokabwa ni wiki za kitanda, damu, na maji ya mshipani. Sababu ya tatu ni wauza dawa. Mijini, na sasa katika simu zetu, hutangazwa dawa za kunywa za kuponya ngiri, na kila ugonjwa wa mgongo na wa unyumba husingiziwa ngiri. Nyumba ikitoboka paa, mwenye nyumba hainywi dawa, hupanda akaziba. Huko Kamuli, Uganda, katika hospitali ya misheni, waliziba kwa wavu wa chandarua uliosafishwa kwa namna ya hospitali. Wanaume 302 waligawanywa, nusu kwa wavu huo na nusu kwa wavu wa bei kubwa. Habari ilichapishwa mwaka 2016: baada ya mwaka mmoja ngiri ilimrudia mtu mmoja tu, wa kundi la chandarua. Wavu huo, hata hivyo, si wa kutiwa mahali penye uchafu wa utumbo uliokufa. Basi aliyechelewa hupoteza hata faida hiyo.

Sasa, mwalimu wetu, kwa ajili ya kisiwa chako. Mgonjwa asipewe chakula wala kinywaji, hata uji, maana huenda akapasuliwa usiku uleule, na tumbo lililojaa ni hatari penye dawa ya usingizi. Asipewe dawa ya kuharisha, wala asipigwe bomba; kusukuma maji katika njia iliyozibwa ni kuongeza ubaya. Asichanjwe chale juu ya uvimbe, wala asikandwe kwa chupa ya moto. Alale chali mtumbwini, magoti yameinuliwa juu ya mto au furushi la nguo. Wapigieni simu watu wa bara kabla ya kuondoka, ili gari lingoje gatini, na ulizeni kwanza ni hospitali ipi yenye mpasuaji usiku huo. Muleba ina Rubya, Ndolage na Kagondo, na Bukoba ina hospitali ya mkoa. Lakini mpasuaji naye hulala, husafiri, hushikwa na kazi nyingine, na saa mbili zilizopotea kwa kufika mahali pasipokuwa na mtu hazirudi. Habari ya upepo wa ziwa ajuaye ni nahodha, si sisi. Akisema haiwezekani usiku, msilazimishe mtumbwi. Lakini alfajiri ikifika, choo kikitoka kisitoke, safari ni ileile.

Na jirani yako atakapokuwa na nguvu, mwulize waliomtibu walimwambia nini juu ya mlango wa ngiri. Penye utumbo uliokufa pengine hushonwa kwa uzi tu, kwa haraka, na ngiri yaweza kurudi. Na ahudhurie siku aliyoandikiwa. Kuhusu kazi, asivute nyavu wala asisukume mtumbwi mpaka daktari aliyempasua amruhusu, na kwa jeraha kama lake twadhani itakuwa ni miezi, si wiki. Wenzake wa chomboni wamwache ahesabu samaki.